Stepu za Mabibi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na kila nikiikumbuka huinamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Ilikuwa siku ya mvua za masika, nyumbani kwa wakwe zangu Fukayosi, na mimi nilikuwa kijana mwenye gari refu kuliko magari yote ya njia ya Msata. Nimeamua kukuhadithia kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako picha ya gari unalotaka kulinyanyua liwe refu kwenda juu, ukaniambia, "Mzee, tazama lilivyosimama." Nikalitazama, nikanyamaza, ukadhani sikupendezwa. Limesimama kweli, sikatai. Nilinyamaza kwa haya, si kwa chuki.

Zamani hizo nilikuwa na Landrova kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Nilikuwa nikipakia ng'onda kutoka Saadani, wale samaki wanaokaushwa juani, nikiwapeleka Msata wanakosubiriwa na wenye malori, na wakati wa kurudi nikibeba unga, sukari na abiria. Barabara ya Bagamoyo na Msata ilikuwa bado haijaonja lami. Ile njia ya kuingilia Saadani ndiyo usiseme, udongo wake mweusi ukinyeshewa unakuvua kiatu mguuni. Nilishakwama huko hadi samaki wakaota ukungu ndani ya magunia. Kwa hiyo kulinyanyua gari hakukuwa wazo la kijinga, na hapo nisikilize vizuri, usije ukaenda kusema mzee anachukia magari marefu. Sababu nilikuwa nayo. Ila sababu njema ikishachanganywa na sifa, mtu hajui tena ni kipi anachokitumikia.

Fundi wangu alikuwa Seifu, rafiki yangu wa utotoni pale Bagamoyo mjini. Alinifungia springi za kuongezwa majani ya chuma, shokapu ndefu, na matairi makubwa yenye meno niliyoyatafuta Dar es Salaam mpaka nikayapata. Matairi yakawa yanasugua madigadi kila nikikata kona, tukazikata madigadi zenyewe. Usukani ukawa mzito. Breki ikawa inataka kukanyagwa mapema, na kwenye kona gari likayumba kidogo, mpaka mtu alizoee. Seifu alikuwa fundi mwangalifu, alibadilisha hata mipira ya breki akaweka mirefu isije ikakatika. Mwisho akazigonga kwa spana zile stepu za kupandia, za pembeni na ya nyuma, akaniuliza, "Hizi je? Nizishushe kidogo zilingane na urefu?"

"Toa zote," nikamwambia. "Stepu za mabibi hizo."

Tukacheka sana. Akazifungua, akazitupa pembeni ya gereji, na mimi nikaruka kwenye usukani wangu bila kugusa chochote. Neno lile, mwanangu, nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe, na lilikuwa kweli tupu, maana stepu ni za mabibi hasa. Zilitengenezwa kwa ajili yao.

Basi kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikipita Msata vijana walinipigia miluzi, wakalipa gari jina la Twiga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawa nasimamisha gari mahali nisipokuwa na shughuli yoyote, ili nishuke tu watu wanione ninavyoruka. Mke wangu Zuhura, aliyekuwa na ujauzito wa kwanza, aliniambia siku moja akiwa anahema, "Mume wangu, gari hili mtu halipandi, analiparamia kama mnazi." Nikamjibu kwamba atazoea. Alikuwa ameshanieleza, na mimi sikuwa na masikio.

Sasa, kabla sijafika mbali, nikukumbushe jambo ambalo ninyi wa siku hizi mnalipuuza. Huku kwetu mama mkwe ni mtu wa kustahiwa kwelikweli. Ukikutana naye njiani unampisha, ukimwamkia unainama na macho unayashusha. Huli naye sahani moja, hukai kwenye kitanda chake, na mkono humpi. Kwenye gari hakai kiti cha mbele kando yako, anakaa nyuma na wanawake wenzake. Kumgusa hakupo kabisa. Wengine wanaona ni mambo ya kizamani, lakini ile ndiyo sitara yake na yako, na sitara ikichanika haina mshonaji.

Mama mkwe wangu alikuwa Bi Mwanahawa, mtu mzima, mwili umejaa, na goti moja bovu lililomfanya atembelee mkongojo. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Shomari, aliyekuwa anaishi Saadani. Hawakuwa wanasemezana. Waligombana juu ya shamba la minazi la baba yao, kila mmoja akaapa hatakanyaga kwa mwenziwe, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Safari moja nimekwenda Saadani kupakia, nikaitwa kwa Shomari. Nilimkuta kalala, mifupa mitupu, pumzi anaivuta kwa taabu. Akanishika mkono, akasema, "Mkwe wangu, mimi ni wa kwenda. Niletee dada yangu. Nataka radhi yake kabla sijafumba macho."

Nikamjibu, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi siku ile, "Mzee, usiwe na wasiwasi. Gari langu halikwami. Kesho adhuhuri haitaadhiniwa hajafika."

Akafumba macho akatabasamu. Ahadi ni deni, na deni hilo nilijitwika mwenyewe mbele ya mtu anayekata roho.

Asubuhi yake nikaingia Fukayosi, mvua inanyesha kwa mapumziko, matope uwanja mzima. Bi Mwanahawa alipopata habari hakuuliza mara mbili. Alisema tu, "Ndugu yangu ananiita," akajifunga kanga safi, akachukua mkongojo wake, akatoka. Zuhura alikuwapo, wanawake wa jirani wakaja kumsindikiza, na wanaume wawili watatu wakasimama upande wa uani. Baba mkwe wangu, Mzee Kibwana, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama barazani akilitazama gari langu toka chini mpaka juu.

Nikafungua mlango wa nyuma. Bamba la kuingilia lilimfikia Bi Mwanahawa kifuani.

Wakaleta kigoda, akakikanyaga, kikazama kwenye matope. Jirani mmoja akaleta kinu akataka kukipindua, mama mkwe wangu akatikisa kichwa, akasema kinu hakikanyagwi. Wanawake wawili wakajaribu kumwegemeza wamsukume, goti likakataa, akateleza, akaomba wampe nafasi apumue. Mimi nikawa natembea huku na huku natazama jua, na jua lenyewe halikuonekana. Ile ahadi yangu ya adhuhuri ilikuwa inanichoma. Nilimwona Mzee Kibwana akichukua jembe ukutani, akazunguka nyuma ya jiko bila kusema neno. Nikajisemea moyoni, huyu mzee naye, saa kama hii anakwenda kulima?

Haraka haraka haina baraka, tumefundishwa tangu chuo cha Kurani. Nikapita katikati ya wanawake. Sikuomba ruhusa. Nikamshika mama mkwe wangu kiunoni kwa mikono yangu miwili, nikamnyanyua kama ninavyonyanyua gunia la ng'onda.

Alitoa sauti moja ndogo, hata si kelele. Akajivuta, akaniponyoka, akateleza kurudi chini, na kanga yake ya kiunoni ikanasa kwenye komeo la mlango ikabaki juu.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Aibu ya maiti aijua mwosha, na aibu ya mama yule nitakwenda nayo mimi. Wanawake walikunjua kanga zao wakamzungushia ukuta. Wanaume wakageukia ua, kila mmoja akitazama makuti kana kwamba hajawahi kuyaona. Nikabaki nimesimama peke yangu, kanga ya mama mkwe wangu inaning'inia kwenye gari langu, nisijue niishike au niiache. Zuhura akaja akaitungua bila kunitazama, na tumbo lake lile. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Kibwana akatokea nyuma ya jiko, jembe mkononi, matope mpaka magotini. Akatazama, akaelewa. Hakupaza sauti, na afadhali angenitukana.

"Mkwe," akasema, "nilikuwa nakukatia ngazi."

Nikageuka, na ndipo nilipokiona. Nyuma ya jiko kulikuwa na kichuguu kikubwa, mgongo wake sawasawa na kimo cha gari langu. Mzee alikuwa ameshakichonga vidato vipana, vya mtu mwenye goti bovu. Nilikipita kichuguu kile miaka yote nikienda posa, nikienda harusi, nikienda kusalimia, na siku ile kisikumbukwe na mimi mwenye gari.

"Ungerudisha gari kinyumenyume hadi pale," akaendelea, "mwenzangu angeingia kwa miguu yake mwenyewe. Ulikuwa unakimbilia nini?"

Swali lile, mwanangu, ninajiuliza mpaka leo.

Kutoka ndani, wanawake walikomwingiza mama, tukaletewa ujumbe kwa kinywa cha Zuhura. Mama anasema atakwenda Saadani, ila gari lile hapandi. Nikasema basi nilipeleke kichuguuni. Zuhura akarudi ndani, akatoka, akasema, "Mama amesema gari lile hapandi." Nikajua maneno yamekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wakatoka kwa mlango wa uani, mama na binti yake, wakaenda hadi barabarani hatua kwa hatua. Wakapata pikapu fupi ya mwenye mkaa, ya kupanda kama unavyokaa kwenye kitanda. Mwenyewe alipoelezwa habari ya mgonjwa akakubali kuwafikisha Saadani. Nikawafuata nyuma na Twiga wangu mtupu. Pale Msata vijana walinipigia miluzi kama kawaida yao. Sikugeuza shingo.

Tulipoacha barabara kuu na kuingia ile njia ya udongo mweusi, pikapu haikufika mbali. Ikazama hadi chuma. Nikafunga kamba nikaivuta, ndoano yake ya mbele iliyoliwa na kutu ikang'oka, pikapu ikabaki palepale. Gari langu lilikuwa limesimama juu ya tope lile bila wasiwasi wowote. Matairi yalifanya kazi yote niliyoyanunulia, na hapakuwa na mtu ndani.

Zuhura akamwomba mama yake mpaka akalia. Bi Mwanahawa akatikisa kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema nami mwenyewe, macho kayaelekeza pembeni kwa heshima yetu ile.

"Baba," akaniita, "tangulia wewe. Mwambie Shomari nimemsamehe, na yeye anisamehe."

"Mama, nisamehe na mimi."

"Tangulia kwanza," akasema.

Nikaenda. Nilifika Saadani mchana, baada ya ile adhuhuri niliyoiahidi. Wenyeji waliposikia mlio wa gari walitoka wote mlangoni, wakatazama nyuma yangu, wakatazama ndani ya gari. Shomari alikuwa bado yu hai. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza kwamba dada yake amemsamehe, na yeye anaomba radhi vilevile.

Akasikia. Akapapasa hewani kwa mkono, akauliza, "Dada yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mzee. Anakuja."

Akageuza uso kuelekea mlangoni. Akatamkishwa shahada, akawa anatazama mlango tu. Kabla ya alasiri kuisha roho ikatoka, na macho yake bado yalikuwa mlangoni. Aliyeyafumba ni mimi.

Mwanangu, mizigo mingi nimeibeba katika njia ile. Radhi nilifikisha kama nilivyotumwa. Lakini yule mtu hakuwa amenituma radhi, alinituma dada.

Bi Mwanahawa alifika kesho yake, pikapu ilipokwisha kunasuliwa, watu wameshazika. Alikaa kwenye mkeka na wafiwa, na jioni akamtuma Zuhura aniite nije kwenye kizingiti. Nikachuchumaa nje, yeye yu ndani, pazia katikati yetu.

"Alisema nini?" akauliza.

"Aliuliza uko wapi, mama."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia uko nyuma, unakuja."

Nikasikia analia, kilio cha mtu mzima, kile cha ndani kwa ndani. Halafu akasema, "Ni kweli, nilikuwa nakuja." Nikaondoka pale siwaoni watu.

Baada ya arobaini nilitafuta mshenga yule yule aliyeniposea, nikampa doti za kanga apeleke, nikaomba msamaha kwa taratibu zetu. Mama mkwe wangu alizipokea. Alijibu kwamba hana kinyongo nami, mimi ni baba wa mjukuu wake, ila gari langu hatapanda. Nikarudi kwa Seifu, nikamwambia ashushe. Tukatoa yale majani ya springi, tukarudisha matairi ya kadiri. Nikamuuliza stepu ziko wapi. Aliona haya kunionyesha. Ile ya nyuma alikuwa ameilaza juu ya matofali, ndiyo benchi la wanywa kahawa hapo gerejini. Nikawaomba wazee wa watu wasimame, nikaikung'uta, nikaifunga mwenyewe.

Toka hapo kila nikienda Fukayosi nilikuwa nasimamisha gari kinyumenyume karibu na baraza, mlango wa nyuma wazi, stepu chini. Bi Mwanahawa alikuwa akiniitikia salamu yangu, "Marahaba, baba," akapita na mkongojo wake. Alikwenda shamba, harusini na hata zahanati kwa baiskeli za kukokotwa, kwa pikapu, kwa miguu. Hakunisema vibaya kwa mtu yeyote. Hakupanda pia.

Miaka ikaenda. Alifia hospitali ya Bagamoyo, na wa kumrudisha nyumbani kwake nilikuwa mimi, kwa kuwa gari lilikuwapo. Tulipolileta jeneza mlangoni, mimi nilishika pembe ya nyuma. Tulimwingiza taratibu, amefunikwa vizuri, hakuna kilichonasa kwenye komeo. Hiyo ndiyo mara pekee aliyopanda gari langu, na kwa miguu yake haikuwa. Niliendesha mpaka Fukayosi polepole, Mzee Kibwana kakaa kando yangu. Tulipofika uwanjani nililirudisha gari kinyumenyume hadi kule kichuguuni, wala sikuambiwa na mtu. Vile vidato vilishaliwa na mvua. Mzee alivitazama, akanigusa bega, akashuka. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wa kwangu ninaishi naye nyumba moja.

Sasa nasaha yangu ni hii. Linyanyue gari lako ukitaka, njia zetu unazijua na masika hayana adabu. Lakini kabla fundi hajashika spana, kaa chini umhesabu kila mtu atakayelipanda, uanze na yule mwenye goti bovu. Kitu chochote unachokipandisha, kiwe gari, kiwe nyumba, kiwe cheo, kikatie ngazi kwanza, kwani ukishakuwa juu ukaona mzee wako hafiki, utamvuta kwa mikono, na mikono yenye haraka huvua watu nguo. Ukimwona mtu mzima anachukua jembe wakati wewe umeshikwa na pupa, mfuate ukaone anakwenda kuchimba nini. Na usiahidi kwa kinywa chako kumfikisha mtu ambaye hujamwuliza kama mlango wako anaufikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe riziki ya halali na chombo kisichokwama, akuepushe na miluzi ya barabarani. Akujaalie wakwe wanaokupenda, na siku watakayokuwa na safari ya lazima, mama wa mkeo apande kwako kwa miguu yake mwenyewe, kanga yake imetulia kiunoni, afike kabla mlango haujafungwa. Amin.